Siku Mama Alipofunga Duka la Mikoba

Mwezi uliopita shoga yangu kanikuta kwenye duka la vitambaa kaniletea mkoba, tubebe sare kwenye harusi ya mdogo wake. Nikafungua zipu, nikatoa yale makaratasi wanayoujazia usimame, halafu nikaingiza pua ndani. Shoga akaangua kicheko. "We Zuhura, mkoba hunuswa? Unadhani embe hilo?" Nikamwambia hebu ninyamazie. Machozi yalikuwa yananitoka pale pale dukani, mbele ya watu wanaochagua vitambaa, na wala sikuona haya. Ilikuwa ile harufu ya gundi na ngozi ya bandia. Wenzangu mama zao wananukia udi, wengine wananukia vitunguu na karafuu. Mie mama yangu ananukia mkoba mpya, na msinicheke.

Mama yangu ni Mchina. Alikuwa na kijiduka kwenye soko la jumla karibu na Guangyuan Xilu, mjini Guangzhou, ukitandaza kanga mbili umekimaliza. Mikoba akiifuata viwandani Shiling kwa basi la asubuhi, nami ubavuni kwake. Baba ni mtu wa Unguja. Alikwenda kwa mama kununua mikoba, akarudi kununua, akarudi tena, hata jirani zake mama wakajua kwamba huyu bwana hafuati mikoba. Mama akasilimu, imamu akawaozesha. Karatasi za serikali ndizo zilizoshindikana, na hizo ndizo zilizotumaliza. Mie nilikuwa na pasi ya Tanzania, nikiishi kwa kibali cha baba. Kibali chake kilipokataliwa, changu nacho kikafa. Mama naye alikuwa na baba yake mzee kijijini Hunan, kapooza, hana mtu mwengine duniani, wala hajui kama bintiye ana mume Mwafrika na mtoto. Hayo yote nimekuja kuyajua ukubwani. Siku ninayoisimulia, ambayo ndiyo siku ya mwisho sisi watatu kuwa pamoja, sikujua hata moja katika hayo. Nilijua tu kwamba mama kafunga duka.

Na kufunga duka kwa mama halikuwa jambo dogo. Mama akiwa na homa hufungua. Mama akivimba mguu hufungua, akatia mguu kwenye beseni ya maji akauza hivyo hivyo. Asubuhi ile tulipita sokoni, lakini si kufungua, bali kutazama kama kufuli limeshika. Wenye maduka jirani walimtazama mama, wakatazama viatu vyangu vipya, halafu wakajitia kupanga mizigo yao.

"Leo sikukuu?" nikauliza.

"Leo tunatembea tu," mama akasema. "Unachokitaka sema. Leo sema chochote."

Jamani, mtoto haambiwi maneno hayo! Nilikuwa pengo la mbele, na kwa lile pengo nikaanza kutaja: nataka maandazi ya mvuke, nataka puto, nataka kuona mto, nataka mbwa. Mama akacheka mpaka akaegemea mlango wa duka la watu. Mama na mimi tukisema Kichina, na maneno yake leo nayasimulia kwa Kiswahili kwa sababu chenyewe kimenitoka.

Tulianza kwa chai ya asubuhi. Watu wa Guangzhou chai ya asubuhi kwao ni shughuli, wanakaa hata adhuhuri, vikapu vya mianzi vinakuja kimoja baada ya kimoja na mvuke wake. Baba alitupeleka mkahawa wa Waislamu wenye ghorofa, ambao siku zote tuliupita mbio tukikimbilia basi. Tulikula kamba waliofungwa ndani ya unga mwembamba, unauona wekundu wao kwa nje. Tulikula nyama ya ng'ombe iliyosagwa ikaviringwa na majani. Baba alimmiminia mama chai, na mama, bila ya kumtazama, akagonga meza kwa vidole viwili, ko ko. Nami nikaitikia kwa sauti, "Karibu!"

Basi baba alicheka chai ikampalia. Nilidhani mama anapiga hodi. Kumbe ndivyo wanavyoshukuru kule, mtu akikumiminia chai unagonga meza kidogo, mazungumzo yasikatike. Lakini mie ni mtoto wa baba wa Kiunguja, mtu akigonga anakaribishwa. Kila chai iliyomiminwa nikawa naitikia karibu, karibu, mpaka wazee wa meza ya pili wakawa wanagonga makusudi wanisikie.

Hapo kwenye kicheko ndipo baba alipoitoa habari. "Kesho, mwanangu, mie na wewe tunakwenda Unguja."

Lazima nieleze Unguja ilikuwa nini kwangu. Mikoba ya mama yote ilikwenda Unguja. Wanawake wenye mabaibui walioingia dukani asubuhi walitoka Unguja. Na maboksi yakishafungwa kwa utepe, gari lililoyachukua lilishika njia ile ile ya Shiling. Kwa hiyo kwa akili yangu Unguja kilikuwa kituo cha basi, unapita Shiling, unapita viwanda vingine kidogo, unashuka. Labda kuna mkahawa pale. Kwenda Unguja lilikuwa jambo la kuchukua kofia na chupa ya maji.

"Tutarudi saa ngapi?" nikauliza.

Baba akamtazama mama. Mama akachukua kipande kingine kwa vijiti akaniwekea kibakulini. "Kula, kingali moto," akasema. Nikala.

Kutoka hapo tulikwenda msikiti wa zamani, ule wenye mnara mweupe mnene ambao watu husema zamani ulikuwa ukiwaonesha njia wenye vyombo vya baharini. Baba aliingia kusali. Alikaa sana. Mama akaketi kwenye ngazi za mawe, akaniambia nije anipakate. Mie mkubwa, viatu vipya vyangu vinafika chini, lakini nikakaa. Akanifumua nywele. Nywele zangu mama zilimtesa toka kuzaliwa, zake ukizichana zinalala, zangu ukizichana zinasimama. Alifundishwa kusuka na mwanamke wa Kikongo mwenye saluni ya chumbani, na alijifunza vibaya, Mungu amrehemu aliyemfundisha. Siku ile alinisuka mistari yote, akaitazama, akasema imekwenda upande. Akafumua. Akasuka tena. Akasema huu wa nyuma haupendezi, akafumua tena.

"Mama, inauma!"

"Kidogo tu. Bado kidogo."

Nilikasirika, nikawa napiga ngazi kwa kisigino. Mistari ilikuwa imenyooka, wallahi. Leo nikisuka mtu kichwa nakumbuka vidole vile, vinatembea polepole kabisa kwenye utosi wangu, na nazidiwa. Alikuwa hataki kumaliza.

Baba alitoka na macho mekundu, akasema vumbi. Ndani ya msikiti, vumbi! Tukaenda bustani ya Yuexiu kutazama wale mbuzi watano wa mawe walioko juu ya kilima. Mama alinihadithia kwamba zamani za kale mji ulikuwa na njaa, wakashuka mbuzi watano na mashuke ya mpunga midomoni, wakayaacha, na tangu siku hiyo Guangzhou haina njaa. Mie nikamwuliza baba kama hao watano wangetosha kwa Idi. Akasema mmoja tu angetosha, hao wengine tungewagawia majirani, lakini meno tungeyapata wapi. Tukacheka sana juu ya kilima kile. Tukiwaona watu wamejipanga kupigwa picha, baba naye akatoa simu yake, akasema haya, simameni na mbuzi.

Mama akaziba uso kwa mkoba. Yeye na baba wakisema Kiswahili, kile cha sokoni mama alichookota kwa wateja. "Hapana picha, Saidi," akasema. "Picha, mimi angalia kila siku. Kila siku angalia, mimi kufa."

Baba akairudisha simu mfukoni. Mie nilidhani mama haipendi gauni yake, na nikamwambia kwa Kichina kwamba gauni ni nzuri. Akasema ahsante.

Mchana joto la kule lilikuwa limeshuka kama kifuniko cha sufuria, tukaingia duka dogo la maziwa ya tangawizi. Hayo kama hujayaona nitakwambia. Wanakamua maji ya tangawizi kwenye kibakuli, wanayamiminia maziwa ya moto kwa juu, halafu hutakiwi kugusa. Unangoja. Kwa muda mfupi maziwa yanashikana yenyewe, ukiweka kijiko juu hakizami. Mwenye duka, bibi mmoja mwenye aproni, alituwekea vibakuli vitatu akatuonya, na mimi nikaonywa peke yangu. Nikavumilia kadiri nilivyoweza. Nikatia kijiko nikakoroga.

Basi bakuli langu likawa maji matupu. Nikaangua kilio, maana nilitaka kuona kijiko kinaelea kama cha baba. Mama akabadilisha vibakuli, langu akalivuta kwake, lake likaja kwangu limeshikana vizuri, linatikisika kidogo.

"Na wewe?"

"Mimi napenda ya maji," mama akasema, akayanywa yote.

Jioni tulivuka mto kwa kivuko cha abiria, tukafika ng'ambo, na mama akasema turudi. Tukarudi. Akasema twende tena. Baba hakuuliza. Tulikwenda na kurudi mpaka mkaguzi wa tiketi akaanza kunitolea ulimi kila akituona tunapanda. Mie nilikuwa nimelala bega la baba na mama kashika mguu wangu, kiatu kimevuliwa, kidole gumba chake kinanisugua unyayo. Niliwaza kwamba hii ndiyo siku nzuri kuliko zote, na kwamba mama akipenda, tunaweza kufanya hivi kila wiki. Mpaka leo sijaona siku nzuri kama ile, na hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi yake basi la uwanja wa ndege lilikuwa linatungojea karibu na soko. Mama alinivisha mkoba mdogo mwekundu, nimeupenda siku nyingi dukani lakini ulikuwa wa kuuza. Alinivalisha mkanda wake begani, akaurefusha, akaufupisha. Baba alipakia masanduku, na masanduku yalikuwa mengi, lakini sisi mizigo hatukuishangaa, ndio maisha yetu. Mama hakulia. Alikuwa kaukaza uso kama anapopatana bei na watu wakorofi.

Nilitaka kumfurahisha. Nilitaka nimuage kwa Kiswahili, kiutu uzima, kama walivyomuaga wanawake wa mabaibui wanapotoka dukani. Nikamshika mkono nikasema, "Nitarudi, mama."

Uso wa mama ukavunjika. Alikaa chini, pale pale kando ya njia, na gauni yake, akajishika tumbo.

Mwuzaji yeyote atanielewa hapa. Mteja anaingia, anashika mikoba yote, anafungua zipu zote, anauliza bei, anashusha bei, halafu anasema, "Ngoja nizunguke kidogo, nitarudi." Harudi. Miaka yote ile dukani, mama hajapata kumwona aliyesema nitarudi akarudi. Wale wa kununua hununua. Mama hakufundishwa Kiswahili na mwalimu, kafundishwa na wateja, na neno lile alilijua kwa maana moja tu. Hata mwenye duka jirani alipomwuliza siku moja Waswahili wakikataa kitu husemaje, nilimsikia kwa masikio yangu akimjibu, husema nitarudi.

Mie nikadhani hakunisikia vizuri. Baba alikuwa keshanibeba, keshaniingiza ndani ya basi, na mlango umefungwa. Nikafungua kidirisha nikapaza sauti nilivyoweza. "Nitarudi, mama! Nitarudi! Nitarudi!" Kila nikisema anazidi kuinama. Baba akanivuta akanikumbatia kifuani, mdomo wangu ukaziba kwenye shati lake. "Basi, mwanangu," akasema. "Basi, inatosha, amesikia."

Tulipita njia ya Shiling? Sijui. Nilikuwa nangoja kituo.

Unguja nilikuta nyumba ya bibi yangu, mama yake baba, na bibi Mungu amlaze pema alinipenda. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Skuli waliniita Mchina, na waliovuta nywele zangu kujua kama ni za kweli ni wengi. Kila siku nilimwuliza baba, mama anakuja lini? Akajibu, babu yako akipata nafuu atakuja. Nikaomba dua babu apate nafuu. Baadaye nilikua kidogo nikaanza kuomba dua babu afe, Mungu anisamehe, nilikuwa mtoto na nilimtaka mama yangu.

Tulizungumza kwa simu kila Ijumaa. Mwanzo tulisema mambo mengi, nikimweleza kuhusu paka wa bibi, na skuli, na kwamba bahari hapa haina daraja. Kisha Kichina kikaanza kunitoka. Kinatoka kama meno, huoni kinapolegea. Siku moja nilitaka kumwambia nimeanguka kwenye ngazi na neno ngazi sikulipata. Nikasema nimeanguka tu. Akauliza, nikashindwa kumweleza wapi, na yeye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakina goti wala damu. Tukabaki na maneno ya biashara, mie na mama yangu.

"Wewe nzuri?"

"Nzuri."

"Skuli nzuri?"

"Nzuri, mama."

"Chukua," angesema, akitafuta neno, "chukua nyingi." Sijui alitaka nichukue nini.

Halafu simu ikawa haipatikani. Baba alijaribu wiki nyingi, namba imekufa. Ukimwuliza habari zake, anaanza kutafuta kofia yake, atoke. Nilimkasirikia baba miaka, nikamkasirikia mama miaka zaidi, nikaapa simtaki. Nilikuwa namwongopea nani? Kila mkoba mpya ulioingia nyumba yoyote niliufungua nikaingiza pua.

Basi baada ya ule mkoba wa sare nikasema liwalo na liwe. Kuna mfanyabiashara wa hapa, Bi Rukia, anayefuata mikoba Guangzhou. Nilimpa jina la mama na la soko. Akamkuta mwenye duka jirani, mzee sasa, akakumbuka kila kitu, akakumbuka hata viatu vyangu. Mama kaliacha duka siku nyingi. Amekwenda kwao Hunan kumwuguza baba yake, mzee akafa, na mama akaolewa hukohuko. Yule mzee akatoa namba, akasema Bi Rukia amwambie binti apige polepole, huyo mume hajui kitu.

Nilipiga alasiri, kwao usiku umeingia. Nilikuwa nimejifunza sentensi za Kichina, nimeziandika kiganjani kwa kalamu, jasho likazifuta. Simu ikapokewa. Sauti ile! Ningeijua kaburini.

"Mama," nikasema. "Zuhura hapa."

Nilisikia vyombo vinagongana, televisheni inasema. Nilisikia mwanamume akiuliza kitu kutoka mbali. Na karibu sana na simu, nikasikia sauti ya mtoto mdogo ikiita, "Mama! Mama!" Neno hilo la kwetu na la kwao ni moja, halitaki mkalimani.

Mama akasema kwa Kichina, kwa upole kabisa, kwamba nimekosea namba.

Kichina chote kimenitoka, lakini hicho nilikielewa. Nilingoja akate, hakukata. Nikasikia nyayo zake, mlango ukafunguka ukafungwa, vyombo na televisheni vikawa mbali, na upepo ukaingia kwenye simu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Nikajua yuko nje, amesimama gizani peke yake, anayatafuta yale maneno aliyobaki nayo. Nilitaka kumwambia asijisumbue, nitaelewa, mie nitaelewa chochote.

"Umekula?" akaniuliza, kwa Kiswahili.

Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana yake kwa hofu ya simu hiyo.

"Nimekula, mama," nikamwambia. "Nimeshiba."

"Nzuri," akasema. Halafu akakata.